Ubeti wa Tatu wa Mwalimu Melkiori

Misunkumilo, Mpanda
Kiangazi

Mwalimu Melkiori,

Shikamoo. Nimekaa darasani kwako, kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa waya, na sasa hivi ni saa saba mchana. Wanafunzi nimewapa ruhusa leo. Mlango nimeuacha wazi, maana hii ndiyo saa uliyopenda kufundisha, jua likishawafukuza watu mashambani, na ndiyo saa ambayo kwa miezi minne ulikuwa ukija. Nasema ulikuwa ukija. Nimetafuta neno jingine la kuwaridhisha watu nikalikosa.

Mwaka unakaribia kutimia tangu uzikwe, na mimi sikukuzika. Nilikuwa Tabora. Habari niliipata stesheni, kwa mtu wa reli aliyekuwa anakufahamu. Alidhani najua. Aliniambia, "Pole na Mwalimu," nikamjibu, "Asante, anaendeleaje?" Akaanza kunieleza upya, Mwalimu. Ulikuwa umeshakaa ardhini wiki tatu. Nilipofika Mpanda udongo wa kaburi lako ulikuwa umeanza kutitia kwa mvua, na mtu alikuwa amepanda maboga kando yake. Nikasimama pale nikitaka kukuimbia. Sikuimba. Nilikuwa naona aibu, na wewe unajua aibu ya nini.

Acha nikupe habari za hapa kwanza. Bati lililokuwa linavuja tumelibadilisha. Ukuta wa mashariki tumeupaka chokaa, lakini alama ya mkono wako pale ulipokuwa unaegemea ukisikiliza imerudi juu ya chokaa, kama doa la mafuta. Tumepaka mara mbili. Sasa tumeiacha. Dada yako mama Spesioza bado yuko Katumba, magoti yanamsumbua lakini analima. Kwaya ya kanisani imegawanyika kwa sababu za kijinga ambazo zingekuchekesha. Na mimi ndiye mwalimu hapa sasa. Walikuja wanafunzi wako watano wiki ile ile niliyorudi, wakasema, "Dada Gaudensia, wewe ndiye uliyebaki na mafunzo yake yote, tusaidie." Nikakubali. Nilidhani nakubali kwa ajili yao.

Unakumbuka ulivyonipata? Mimi nakumbuka kama jana. Kule Kibaoni, nikiwa na miaka kumi na mitano, nimesimama kwenye kichuguu katikati ya mpunga wa baba, nawinga ndege. Wewe ulikuwa umekuja kufundisha kwaya ya Pasaka, ukapita na baiskeli. Ulishuka, ukasimama njiani mpaka ndege wote wakaondoka, kisha ukamwambia baba, "Binti huyu anapiga kelele kwa tumbo. Wenzake wote wanapiga kwa koo. Nipe nimfundishe." Baba alidhani unatania. Miaka miwili baadaye nilikuwa kwa shangazi yangu hapa Misunkumilo, na kila mchana nalala chali kwenye mkeka wako na tofali la kuchoma juu ya tumbo. "Lipandishe. Lishushe. Mabega yasijue habari hii." Wanafunzi wengine walicheka. Mimi nilikuwa naogopa kucheka kwa sababu tofali lingeanguka.

Hata leo nawalaza kwa tofali. Nawaambia maneno yako yale yale, na wakati mwingine nasikia naongea kwa lafudhi yako, naweka "mwana wanje" ya Kirundi chako mwishoni, mimi Mpimbwe wa Kibaoni.

Sasa niseme lile lililonifanya nikae kuandika.

Wimbo wako wa kuvuka ulinifundisha mimi peke yangu. Kwaya hukuipa. Ulikuwa umeutunga kwa Kiswahili, ukasema ni ili watoto waliozaliwa huku waweze kuuimba, lakini ulikaa miaka ishirini bila kumpa mtu. Ubeti wa kwanza, tuvuke kabla ya jua, maji yangali baridi. Ubeti wa pili, wa mizigo iliyoachwa. Hizo mbili ulinipa kwa siku moja. Ubeti wa tatu ulinichelewesha mwezi mzima. Halafu mchana mmoja ukaniita, ukafunga dirisha, ukasema, "Huu una watu saba. Hauna maneno mengine. Ubeti huu hauimbwi ili upendeze, unaimbwa ili asipungue mtu." Ukaimba majina. Ulikuwa umetazama ukuta, na jasho lilikuwa linakutoka kidevuni. Nilijua ni watu wako mliotoka nao kwenu Burundi wakati wa yale mauaji, wakaishia njiani. Zaidi ya hapo sikukuuliza, na hukuniambia. Ulisema tu, "Ukichoka, acha wimbo mzima. Ubeti usiuache."

Nikaenda na wimbo huo Tabora, nilikopata kazi ya kuimba kwenye bendi.

Kiongozi wa bendi alipousikia mara ya kwanza aliinuka kwenye kiti. Wapiga magitaa waliushika palepale. Tulipofika ubeti wa tatu akapiga makofi kutusimamisha. "Majina ya nani hayo? Gaude, watu wanakuja kucheza hapa. Nani atacheza majina?" Nilisema, "Ni ya marehemu wa mtu." Akasema, "Basi waache wapumzike." Kila mtu alicheka, na mimi nikacheka, Mwalimu. Usiku mmoja tu nilitunga ubeti mwingine, mpenzi nivushe, nivushe mpenzi, na kesho yake tukaurekodi. Kaseti ikatoka. Redioni mtangazaji akasema wimbo mtamu wa kuvuka, utunzi na uimbaji wake Gaudensia. Nilikuwa nimekaa na wenzangu tunasikiliza. Ningeweza kusema pale pale kwamba utunzi si wangu. Nilikunywa soda yangu.

Ule wimbo ndio ulionifanya mtu. Niliitwa Urambo, nikaitwa Kaliua, nikaitwa mpaka Sumbawanga kwenye sherehe ya mkubwa mmoja. Niliporudi Mpanda baada ya kifo chako, niliwaambia wa bendi kwamba nitakuwa nafundisha huku na kwenda kwao mwisho wa mwezi. Walikubali kwa sababu ya wimbo ule.

Mara ya kwanza jambo hili kunipata ilikuwa harusini, hapa hapa mjini, mchana kweupe. Watu waliomba wimbo wa kuvuka kabla hata sijamaliza kusalimia. Nikaimba ubeti wa kwanza, wa pili, nikavuta pumzi ya kuanza mpenzi nivushe, nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Sikukauka koo, sikukohoa, hapakuwa na maumivu. Upepo ulikuwa unatoka kama kawaida, nilikuwa nausikia kwenye midomo, ila haukuwa na sauti ndani yake. Mpiga gitaa akarudia mwanzo wa ubeti mara tatu akidhani nimesahau. Nikaruka nikaenda kwenye kiitikio, na sauti ikawepo nzima, kama mtu aliyetoka nje kidogo akarudi.

Nikaenda kwa daktari. Alinimulika kooni kwa tochi, akaniambia niseme aaa, niseme iii. "Dada, koo lako zima kuliko langu." Nikajaribu tena nyumbani, nikajaribu njiani, nikajaribu nikiwa nafua. Nyimbo zote zilikuwepo. Kiitikio kilikuwepo. Pale kwenye ubeti wa tatu palikuwa na shimo.

Nikasema ni mshtuko wa msiba. Nikasema nitawafundisha wanafunzi, waimbe wao ubeti ule, mimi niongoze. Walikuwa kumi na mmoja wakati huo. Nikawapa maneno yangu ya mpenzi nivushe, wakayaandika kwenye madaftari, wakayasoma vizuri. Tukaanza kuimba. Tukafika pale, na wote kumi na mmoja wakanyamaza. Sikuwa nimewaambia habari ya harusini. Walinyamaza pamoja, kama taa za mtaa mmoja umeme ukikatika, kisha wakaanza kulaumiana. "Wewe ndiye uliyeacha." "Nimeacha kwa sababu wewe umeacha." Nikawaambia turudie. Tukarudia. Safari hii nilikuwa nasikiliza ule ukimya wenyewe, na ndani yake mtu alivuta pumzi.

Unajua ni pumzi gani. Ile yako ya puani, yenye kijimluzi kidogo cha pua iliyowahi kuvunjika. Nimefundisha wanafunzi wengi na sijamsikia mwingine mwenye pumzi hiyo. Ilitoka upande wa ukuta wa mashariki. Fidelisi wa besi, ambaye uliimba naye miaka sita, aliweka daftari chini, akavaa kandambili zake, akatoka. Hakurudi kwa wiki mbili.

Niliogopa, lakini nikueleze ukweli: niliona hasira pia. Nilisema moyoni, kama ana neno aniambie mimi, mbona anawatisha watoto wa watu. Nikaendelea kufundisha, nyimbo nyingine. Wimbo wako nikauacha. Nikadhani mambo yamekwisha.

Kisha akaja Zuhura.

Humjui. Ni binti wa mzee Shabani, yule mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Ana miaka ishirini, sauti ya pili nzuri, nzito kidogo, na alitaka kujifunza ili aimbe kwenye harusi za kina mama. Alikuja miezi mitatu baada ya wewe kufariki. Hakuwahi kukuona. Hajafika Katumba hata siku moja. Nilimpenda haraka kwa sababu alikuwa hajui kujivuna, na tofali lilikuwa linapanda na kushuka tumboni kwake kama mtumbwi.

Siku hiyo wanafunzi walianza wenyewe wimbo wa kuvuka wakati nikinywa maji. Sikuwakataza kwa wakati. Wakafika pale, wakanyamaza. Zuhura hakunyamaza. Aliendelea peke yake, macho wazi, ametazama ukuta, kwa sauti ya chini kuliko sauti yake.

"Misago. Kabura. Venansi. Dafroza. Bukuru. Butoyi."

Kikombe kilinitoka mkononi. Zile nota zilikuwa zako, Mwalimu, na ule ukavu mwishoni mwa kila jina, kama mtu anayefunga mlango taratibu. Kisha akakatika ghafla, mdomo bado wazi, akawa kama anasubiri. Baadaye akageuka akatuona. "Mwalimu, mbona mnaniangalia hivyo? Nimekosea?" Hakukumbuka kitu. Alidhani ndiyo kwanza tunaanza ubeti wa kwanza.

Ningemwambia mtu siku ile ile, mambo yasingefika mbali. Nilinyamaza, kama nilivyonyamaza kwenye redio. Zuhura akaendelea kuja, na kila siku saa saba ikipita kidogo, hata kama tunaimba wimbo wa kuzaliwa, anayaita yale majina sita, anakatika pale pale, anasubiri. Wiki ya pili hali hiyo ilimfuata nyumbani. Wiki ya tatu sauti yake ikaanza kukwaruza. Alikuwa anakonda.

Mzee Shabani alikuja mwenyewe. Alikataa kiti. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, mtu mpole yule, akasema, "Mwalimu, mwanangu anapima kitambaa dukani, anaita watu. Mteja anamwambia nipe yadi tatu, yeye anaita watu. Tumemsomea dua, anatulia, kesho mchana anawaita tena. Mimi si mtu wa ugomvi. Ila hao watu si wa kwetu. Kama wewe unawajua, waambie wamwachie."

Nikasema, "Nawajua, mzee."

Ndiyo mara ya kwanza nililisema hilo kwa sauti.

Aliniuliza wanataka nini, na nikajua jibu kabla hajamaliza. Walikuwa saba na Zuhura anawaita sita. Anakatika kwa sababu mmoja hayupo. Mimi ndiye niliyepewa wote saba, na nilipokaa chini niwahesabu kwa vidole, nilipata sita kama yeye. Nilirudia usiku, nikarudia asubuhi. Nilikuwa na hakika ni saba, maana ulisema saba, naisikia sauti yako ikisema saba. Nilikuwa nimempoteza mmoja. Nilicheza na mpenzi nivushe mpaka mtu akanidondoka kichwani.

Kesho yake nikapanda lori la mahindi nikaenda Katumba kwa mama Spesioza.

Nilimkuta uani anamenya mihogo. Alinikaribisha vizuri, akaniletea maji, akaniuliza habari za Kibaoni na za mama. Sikuweza kuyanywa yale maji. Nikapiga magoti nikamwambia yote, kuanzia kiongozi wa bendi mpaka Zuhura. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza, aliumaliza muhogo ule, akauweka kwenye beseni, ndipo akasema, "Aliusikia."

Mwalimu, sikuwa najua. Nilijipa moyo miaka yote ile kwamba hukuwa na redio. Akanieleza kwamba vita vilipoanza tena kwenu, ulikuwa unaenda kila siku kwenye mgahawa wa chai pale stesheni kusikiliza taarifa ya habari. Siku moja baada ya habari wakapiga wimbo. Ulinitambua kabla sijamaliza mstari wa kwanza, ukawaambia watu, "Huyo ni wangu." Ukawanyamazisha wote wasikilize. Ubeti wa kwanza ulikuwa unatabasamu. Wa pili ulikuwa umefumba macho. Ubeti wa tatu ulipokwisha ukaweka kikombe mezani kikiwa kimejaa, ukainuka ukaenda nyumbani.

Nikamuuliza ulisema nini. Nilitaka unitukane, Mwalimu. Nilitaka aniambie ulinilaani.

"Alisema neno moja tu. 'Amewaacha ng'ambo.'"

Nililia pale uani kwake mpaka kuku wakakimbia. Alinisubiri. Kisha nikamwomba jina la saba. Nikamwambia kuna binti wa watu anateketea kwa sababu yangu, anitajie tu, nitaliandika, nitalichanja mkononi kama ikibidi.

Mama Spesioza aliweka kisu chini. "Wa saba hakuwa na jina, mwanangu. Dafroza, mke wa kaka yangu, alijifungua njiani, upande wa pili wa mto. Mtoto alivuta pumzi moja. Moja tu, tukaisikia. Mama yake naye hakuiona asubuhi. Hapakuwa na muda wa kumpa jina, tulikuwa tunakimbia. Ndiyo maana kaka yangu akimaliza kumtaja Butoyi anavuta pumzi, ananyamaza kidogo, ndipo anaingia kwenye kiitikio. Hakukufundisha?"

Ulinifundisha. Ulinifundisha, na mimi nilidhani unapumua.

Alikataa kubaki. Pamoja na magoti yake alipanda lori lile lile na mimi kurudi Mpanda, amekaa juu ya magunia, ameshika kamba. Kesho yake niliwaita wanafunzi wote, hata Fidelisi. Nilimwita mzee Shabani, akaja na Zuhura amejifunika mtandio mpaka puani, na mke wake nyuma. Saa sita na nusu tulikuwa wote humu, tumebanana kando ya kuta. Upande wa mashariki hakuna aliyekaa. Nikasimama katikati nikasema wimbo huu ni wa Mwalimu Melkiori, mimi niliuiba nikautia maneno yangu, na kila mliponisifu kwa ajili yake mlinisifu kwa wizi. Nilitegemea wachukie. Mzee Shabani akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesikia bei aliyokuwa anaijua.

Nikaanza. Ubeti wa kwanza nikautoa. Wa pili nikautoa. Nikaweka mkono tumboni kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nikafungua mdomo kumwita Misago, na sauti ikaja. Haikuwa nzuri. Ilikuwa na kutu. Nikawaita mmoja mmoja bila haraka, na nilipofika kwa Bukuru nikasikia Zuhura anawaita pamoja nami kwa sauti yake iliyokwaruza, na mama Spesioza, na Fidelisi, na mwisho wote. Tukamtaja Butoyi. Kisha nikavuta pumzi nikanyamaza, na chumba kizima kikavuta pumzi pamoja nami.

Tulikuwa ishirini na wawili. Nilikuwa nimewahesabu. Ile pumzi ilikuwa na mtu zaidi, ndogo sana, ilichelewa kidogo kuliko zetu, ikatoka upande ule ambao hakuna aliyekaa. Mzee Shabani aliisikia, nilimwona akitazama. Mama Spesioza alikuwa amefumba macho na machozi yanamtiririka, akasema polepole, "Huyo." Basi. Tukaingia kwenye kiitikio.

Zuhura aliomba maji. Akanywa vikombe viwili, akamwambia mama yake ana njaa. Jioni ile alilala saa kumi na mbili, akaamka kesho yake asubuhi, akapima kitambaa. Hakuita mtu. Sauti yake ilichukua mwezi kurudi, nikiilea kama ulivyoilea yangu nilipougua surua: kuvumisha mdomo ukiwa umefumbwa, robo saa, si zaidi, na asinong'one. Juma lililopita aliimba harusi yake ya kwanza. Mzee Shabani alisimama nyuma kabisa akijifanya ana kazi na viti.

Nilimwandikia kiongozi wa bendi. Nikamweleza utunzi ni wa nani, nikamwambia sitaimba tena wimbo ule bila ubeti wake wa tatu. Jibu lake lilikuja kwa mdomo wa mtu wa treni: "Kama anataka kuimba matanga, akaimbe huko huko kwao." Nafasi yangu amepewa binti mwingine. Siku hiyo nililia, nisikudanganye. Nilikuwa nimezoea jina langu kutajwa redioni. Lakini sasa wanafunzi wamefika ishirini na watatu, kwaya ya Kibaoni imeniomba niende mara mbili kwa mwezi, na popote ninapoimba nasimama kwanza nasema, huu ni wa Melkiori. Watu hawachezi ubeti wa tatu. Wanasimama. Hakuna aliyeniomba niuruke.

Tangu siku ile hujaja, na nadhani hutakuja. Nilidhani nitafurahi. Badala yake, wanafunzi wakitoka, nabaki nikisikiliza, na chumba ni chumba tu. Kwaheri ni neno gumu kwa mtu ambaye hukumzika, kwa hiyo nilisema kwanza yale mengine yote.

Ila kuna jambo moja la mwisho, na sijui nikupe kama habari njema au vipi. Juzi alikuja mwanafunzi mpya kutoka Mwamkulu, mama mtu mzima, mkulima, hajui lolote la habari hizi. Nikamlaza kwa tofali. Katikati ya zoezi akainua kichwa akaniuliza, "Mwalimu, mtoto wa nani huyo anacheka hapo nje?" Nilitoka nikaangalia. Hapakuwa na mtu, palikuwa na maharage yaliyoanikwa juani. Nikarudi nikamwambia aendelee kupumua.

Nimemuuliza mama Spesioza kama tumpe jina. Amesema tusithubutu, hiyo si kazi yetu, ni ya wazazi wake. Basi sitampa. Ila nakuahidi, Mwalimu, kila nitakapofika pale nitanyamaza kadiri inavyostahili, na nitawafundisha hawa kunyamaza, na watakaowafuata. Wewe nenda kapumzike na wenzako. Mtoto wako yuko kwetu. Hatumwachi.

Mwanafunzi wako,
Gaudensia